Mtani wa Len

Wiki iliyopita Otis alinisukumia simu yake chini ya dawati katikati ya kipindi cha hesabu. Otis ni Mkenya, baba yake anapakia spea za pikipiki kwenda Nairobi, na yeye mwenyewe ni bingwa wa mauaji. Si kuua, kutazama. Kila muuaji aliyewahi kuzaliwa Ulaya anamjua kwa jina, kwa gari na kwa rangi ya mlango wa nyumba yake. "Cheki hii, msee," akaninong'oneza. "Ule mzee wa Uingereza na bibi yake, walikuwa wanabeba vijana kwa gari na kuwamaliza. Hapa sasa ndio wanafika kwa yule wa mwisho." Kwenye kioo akatokea kijana wa Kizungu, nywele ndefu zimeshuka hadi kwenye nyusi, na hata hivyo masikio yamepenya kando kama milango ya teksi iliyosahauliwa wazi. Picha yake haikukaa. Mara filamu ikarudi kwenye gari la wale wawili, usukani wao, zulia lao, kana kwamba gari ndilo lililofiwa. Mimi nikajikuta nimesema kwa sauti, "Len, masikio hayo!" Darasa zima likageuka. Otis akanitolea macho: "Maze, unamjua?" "Ni mtani wangu," nikamjibu, na mwalimu wa hesabu, ambaye hana utani na mtu yeyote duniani, akanionyesha mlango. Nilisimama kwenye korido hadi kengele ilipolia, nikiwa na muda wote niliouhitaji wa kuukumbuka mwaka jana.

Mwaka jana nilikuwa na miaka kumi na sita, na nyumba yetu ya Xiaobei, huku Uchina, ilikuwa na wanawake wanne na viroba visivyohesabika. Mama alikuwa wa nguo na vitambaa. Alfajiri yuko njiani kwenda soko la vitambaa la Zhongda, mchana anarudi na sampuli zimemning'inia mkononi kama kuku wa mnada. Bi Zuhura, mpangaji wetu na rafiki yake, alikuwa wa midoli na kalamu za soko la Yide Lu, na kwa sababu yake ilibidi mtu awe mwangalifu pa kukaa, maana ukikosea kiroba, midoli mia inaanza kuimba Kichina chini ya makalio yako. Chumba kidogo cha karibu na jiko alikuwa amepanga Ticha Maureen, Mwingereza, aliyetufundisha Kiingereza shuleni kwetu na ambaye ujanani aliwahi kufundisha Songea. Kiswahili chake kilikuwa kisafi mno, kimepigwa pasi. Sisi tulisema "nipe chumvi". Yeye alisema, "Kabula, naomba unisaidie kunisogezea chumvi, tafadhali," na mpaka amalize, chakula kimepoa.

Mama ni Msukuma na Bi Zuhura ni Mzaramo, yaani watani, na watani hao wawili walipoanza hapakuwa na haja ya kuwasha televisheni. "Msukuma akiona taa za barabarani," alisema Bi Zuhura huku akimenya vitunguu, "anadhani ng'ombe wanamkonyeza." Mama hakuinua hata kichwa: "Mzaramo akisikia ngoma anamwacha mtoto kwenye beseni, anasema atarudi kumsuuza." "Nenda zako kale michembe yenu ya viazi vikavu." "Nitakula, na wewe nitakubakizia, maana najua umetumia hela yote kwenye sare ya arusi ya jirani." Mimi nilikulia katikati ya matusi hayo kama wenzangu wanavyokulia kwenye nyimbo za Jumapili, na nilikuwa nimeshajifunza kitu ambacho hakuna anayekufundisha shuleni: mtu anayekutukana hivyo ndiye atakayekuja wa kwanza ukiugua. Ticha Maureen aliwasikiliza akiwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, anatabasamu kwa adabu, kama mgeni anayetazama mchezo asiojua kanuni zake.

Halafu, Jumatano moja, simu yake ikaanza kulia na haikunyamaza. Alhamisi jioni Mama alipika wali na samaki, na Ticha akawa anamgeuza yule samaki upande huu, upande ule. Mama akamwuliza, "Ticha, samaki amekukosea nini?" "Samaki ni mzuri sana, asante. Kuna mtu amefariki." Bi Zuhura akaweka kijiko chini. "Inna lillahi. Ndugu yako?" "Hapana," alisema Ticha. "Ni mwanamke aliyemuua kaka yangu." Alilisema kwa Kiswahili chake kilekile cha pasi, na ndiyo maana lilitisha zaidi.

Akatueleza, kwa ufupi, kama anayesoma kitu ubaoni. Mume na mke, mji wa kaskazini mwa Uingereza, zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Walikuwa wanawapa vijana lifti. Wengi waliopanda hawakuonekana tena. Kaka yake, Len, alikuwa na miaka kumi na tisa, na baada yake ndipo wakakamatwa. Mwanamume alifia gerezani zamani. Sasa na mke amefuata, na magazeti yameamka upya. Kwenye magazeti hayo Len hana jina, ana cheo tu, akakitaja kwa Kiingereza. Bi Zuhura, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye bei, akanigeukia mimi. "Wamemwita nani?" Nikamtafsiria neno nililolisikia kwenye taarifa ya habari: "Mhanga wa mwisho." Bi Zuhura akashika kifua. "Masikini! Alijitoa mhanga? Kwa ajili ya nani?"

"Hakujitoa!" Ticha alipiga meza, samaki akaruka. "Hakujitoa kwa ajili ya mtu yeyote! Alikuwa anakwenda kucheza dansi! Alikuwa amevaa suruali mpya, ile pana huku chini, na alichelewa basi kwa sababu alirudi ndani kuipiga pasi tena!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema sentensi bila "naomba" wala "tafadhali". Na yeye mwenyewe alikuwa amebaki na mkono mezani, ametushangaa kama sisi ndio tuliosema. "Ile suruali," alisema taratibu. "Sikujua kwamba naikumbuka." "Bugaluu," Mama akasema kwa upole. "Baba yangu alikuwa nayo. Ilikuwa inafagia barabara."

Baada ya hapo ndipo tulipojua kinachomkaba. Kila mwaka waandishi walimpigia, na kila mwaka alikata simu. Safari hii alikuwa amemkubalia mmoja ampigie Jumatatu, kwa sababu alitaka angalau mara moja kaka yake aandikwe kama mtu. "Lakini sina cha kumwambia," alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Baada ya mazishi baba alikataza jina lake lisitajwe, na mama alitii mpaka akafa. Nikifumba macho namwona yule mwanamke, kila kitu chake, hata vifungo vya koti lake, maana picha zake zimejaa kila mahali. Kaka yangu simwoni. Jumatatu nitafungua mdomo, na nitakayemwambia habari zake atakuwa yule yule mwanamke."

Mama aliuliza kama Len alisomewa wasifu kaburini. Ticha akasema palikuwa na polisi na kamera, na mchungaji asiyemjua alisema Len alikuwa malaika. "Na watani?" akauliza Bi Zuhura. "Waingereza hatuna watani." "Msiba mzima bila mtani! Ndiyo maana." Mama akatikisa kichwa: "Zuhura, mwenzio ana machungu, unaleta ngoma zenu." "Nani kasema ngoma? Marehemu akiliwa na huruma tupu hapumziki. Lazima awepo wa kumsema." Ticha akasema aliwaona watani Songea. Alimwona mzee mmoja ameingia kaburini, kajilaza, anapiga kelele kwamba ni fupi, marehemu alikuwa na miguu mirefu ya mwizi wa kuku. "Niliona ni ukatili," alisema. "Sikulala siku ile." "Na wafiwa walifanya nini?" "Walimtoa kwa fimbo." Akafikiri. "Wakicheka. Mjane alimwambia, mume wangu hakuwa mwizi wa kuku, yeye kuku alikuwa anawaogopa. Na akaanza kueleza habari za jogoo mmoja, akaeleza mpaka jioni."

Hapo akili yangu ikawaka. Nilijua nimeona kitu, na bado naamini ndicho kitu cha akili kuliko vyote nilivyowahi kuviona, hesabu zikiwemo. Mmesikia Ticha alivyoruka Bi Zuhura alipokosea neno? Kwa miaka arobaini watu wote walikuwa wamemwonea huruma Len, na hakuna hata mmoja aliyemkosea adabu. Huruma ni kama ule utepe wa gundi wa njano wa kufungia mizigo ya kago: unazungusha, unazungusha, mpaka hujui tena ndani kuna viatu au kuna sufuria. Mfiwa ukimpa pole, anakujibu asante. Ukimsingizia marehemu wake uongo, lazima akurekebishe, na ili akurekebishe itabidi akumbuke. "Mimi nitakuwa mtani wa Len," nikasema. Mama akanitazama kuanzia kichwani. "Kabula! Wewe utamuua huyu kijana mara ya pili!" Kisha akaziba mdomo kwa upande wa khanga, kwa sababu alikuwa amelisema tayari. Tulimtazama Ticha. "Msukuma anaweza kuwa mtani wa Mwingereza?" akauliza, kwa makini, kama swali la mtihani. Bi Zuhura akajibu bila kusita: "Watani ni watu waliogombana wakachoka. Mlitutawala, tukawatoa, tukabaki na mpira wenu na chai yenu. Utani gani tena unautaka?" Ticha aliinuka, akaosha sahani yake, akaifuta. "Jumapili," alisema.

Jumapili tulisukuma viroba ukutani tukatandika mikeka. Bi Zuhura alipika pilau la msiba, mchana mweupe, madirisha wazi, harufu ikashuka ngazi hadi kwa yule laoban, mwenye duka la mabegi ghorofa ya chini, ambaye alipanda kuuliza nani anaoa. Mama alisali kwa Yesu, Bi Zuhura akasoma dua yake, na picha ya Len, ile ile ambayo ulimwengu unayo moja tu, ikasimamishwa juu ya boksi la kalamu. Ticha alikaa chini, mgongo wima, amevaa nguo nyeusi. Mimi nilikuwa nje mlangoni nimegeuza khanga ya Mama ndani nje, kofia ya kuogea kichwani, mwiko mkononi. Nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa jukwaa, lakini siku ile niliogopa.

"Hodi hapa! Nimesikia kuna msiba wa mvivu mmoja wa Kizungu!" Nikaingia. "Nimetoka Shinyanga kwa miguu, nimekuja kuhakikisha amekufa kweli, maana jamaa huyu kwa kulala alikuwa hatari!" Bi Zuhura akacheka kwa wajibu. Ticha hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na Mama alikuwa ananikonyeza kwa macho yote mawili, yaani acha, acha sasa hivi. Mtu mwenye busara angeacha. Mimi nikaisogelea picha, nikaziba pua. "Na kunuka! Jamani, huyu alikuwa haogi!"

"Alioga," alisema Ticha, kwa sauti ndogo. "Lini? Krismasi?" "Ijumaa. Kila Ijumaa. Alimaliza maji ya moto yote, sisi wengine tukaoga baridi." "Aha! Mchoyo wa maji! Na hela je? Bahili huyu, namjua, hata pipi hakuwahi kukununulia." "Uongo!" Sasa alikuwa amegeuka kunitazama. "Akipokea mshahara wa kiwandani alinipitishia biskuti zilizovunjika. Waliwauzia wafanyakazi kwa bei ndogo. Alikuwa anakula vipande vikubwa njiani, ananiletea unga, anasema biskuti zimekanyagwa na farasi." "Farasi! Na hayo masikio? Alipewa na tembo au aliyaazima?" "Ni ya baba! Yote mawili ni ya baba! Baba alikuwa hakubali!" Bi Zuhura alikuwa ameshaanza kujifuta machozi ya kucheka. Mimi nikamnyooshea marehemu mwiko. "Sawa. Yote nimeyasamehe. Lakini jambo moja siwezi kuficha mbele ya wafiwa. Huyu alikuwa mwizi."

Nikadhani nimevuka mpaka. Macho ya Ticha yalikuwa kwenye picha, yanatembea huku na huku kama ya mtu anayesoma. "Mwizi," akasema. "Ndiyo. Mwizi!" Akasimama. "Pudini ya Krismasi! Aliila yote, usiku wa kuamkia sikukuu, akaniita nilambe bakuli, akaniambia, Mo, kaa hapa usiondoke. Nikakaa. Mama akaingia akanikuta mimi na bakuli!" Alikuwa amemwinamia Len sasa, kidole kwenye pua ya picha, na Kiswahili cha pasi kilikuwa kimekunjamana chote. "Nilichapwa mimi! Wewe ulikuwa nyuma ya pazia unacheka! Nilikusikia! Unacheka kama punda, hii, hii, hii, unajiziba mdomo na pazia la mama! Len wewe! Len mshenzi wewe!" Akarudi nyuma, akakaa, na palipokuwa nyuma yake ni kiroba cha Yide Lu. Midoli mia ikaanza kuimba. Hapo hata laoban wa mabegi, aliyekuwa bado mlangoni na sahani yake ya pilau, alicheka bila kujua anamcheka nani. Ticha alikuwa analia na kucheka, huwezi kutenganisha, na kila alipojaribu kuinuka midoli ilianza upya. "Nimemsikia," alikuwa anamwambia Mama, amemshika mkono. "Mama Kabula, nimeisikia sauti yake. Nilikuwa nimeipoteza." Mama hakusema pole. Alimwambia, "Mwizi mkubwa," na akamkumbatia.

Watu wananiambia mimi sina adabu, na ni kweli, nimekuwa nikifanyia kazi kipaji hicho tangu chekechea. Lakini namjua kijana mmoja ambaye adabu ilimzika na mimi nikamfukua, kwa hiyo wakinitoa nje ya darasa huwa naenda kwa mwendo wa madaha.

Jumatatu nilirudi kutoka shule mbio. Mwandishi alipiga jua likiwa bado juu; kwao ndiyo kwanza walikuwa wanakunywa chai ya asubuhi. Ticha alikaa mezani jikoni, akaweka spika, na Mama na Bi Zuhura wakajifanya wanachambua mchele, mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Mwandishi alikuwa mwanamke, sauti ya kijana, na mwenye heshima. Aliuliza swali lake alilolitayarisha: yeye, kama dada wa yule wa mwisho, amejisikiaje kusikia kwamba yule mwanamke amekufa? Nikamtafsiria Bi Zuhura sikioni. Ticha akanyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Huyo mama simjui," akamjibu. "Na Len hakuwa wa mwisho. Kwa mama yetu Len alikuwa wa kwanza. Wa mwisho ni mimi."

Ticha hakungoja swali jingine. Akamwambia habari za biskuti za farasi, na maji ya moto ya Ijumaa, na bugaluu iliyopigwa pasi mara mbili. Mara mbili au tatu mwandishi alijaribu kumrudisha, gari lile, mahakama ile, na Ticha akampita kama anavyompita muuza betri za wizi pale darajani, bila hata kusema bu yao, sitaki. Nilianza kuogopa kwamba yule msichana atakata. Kisha Ticha akafika kwenye jambo ambalo hata sisi hatukuwa tumelisikia, na nadhani hata yeye lilimjia wakati ule ule akizungumza: kwamba Len alikuwa harudi nyumbani kwa kupiga kengele, alikuwa anapiga mluzi kutoka kona ya barabara, na yeye Mo, akiwa amevaa nguo za kulalia, anakimbia kumfungulia mlango wa nyuma kabla baba hajajua saa, na majira yote yale ya kiangazi, nyuma ya banda la makaa, alimfundisha na yeye kupiga mluzi ule, mpaka midomo ikamuuma.

Halafu ile sauti ya kijana ikauliza kitu, taratibu, sauti tofauti kabisa na ile ya mwanzo. Ticha akafunika simu kwa kiganja, akatugeukia sisi watatu, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka tisa.

"Anauliza," akatuambia kwa Kiswahili, "kama ni kwa vidole au bila vidole."

Akaiweka simu mezani, akaisogeza karibu, akaingiza vidole viwili mdomoni.